Filamu Aliyoahidiwa Chao Pho

Nong Takhian, Buriram
9 Januari

Mdogo wangu Phikun,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Sijafa, wala sijaja kukopa. Nimekutana na mpwa wako kwenye vitunguu vyake sokoni akaniambia kwamba uko Kanchanaburi kwenye filamu mpya ya Mwindaji Khem, na kazi yako ni kumnong'oneza Atsawin Phupha, Khem mwenyewe, maneno yake kamera inapozunguka. Phikun! Miaka yote ile tumekaa pamoja nyuma ya pazia la sinema, mimi nikimtilia Khem sauti, wewe ukiwatilia sauti wanawake wote aliowaokoa, na yule mamba pia, halafu Khem anarudi baada ya miaka ishirini na mimi nasikia kwa muuza vitunguu?

Haya, nimekusamehe, maana nina shida na wewe ndiye wa kunitoa.

Wakati wa mvua zilizopita Samli aliugua sana. Homa, tumbo, chakula hakipiti. Hospitali ya wilaya walikuwa wakinitazama kwa huruma tu. Siku aliposhindwa kunitambua nilitoka mbio hadi hekaluni kwa Chao Pho. Unajua watu wa hapa wakiponywa na mzimu wao wanamlipa nini: sinema. Sasa nimepiga magoti pale, kushoto kwangu mtu anaahidi sinema, kulia kwangu mtu anaahidi sinema, na zote ni zilezile kuukuu. Nikajiuliza, huyu mzee wa watu amemwona Khem akimuua yule mamba mara ngapi? Mimi mwenyewe nimechoka, sembuse yeye. Na asubuhi ile nilikuwa nimesoma gazetini kwamba Khem wa saba anakuja. Basi nikasema: Baba, niponyee mke wangu, nami nitakuonyesha Khem mpya, ambaye hujamwona, kabla watawa hawajaingia kwenye kipindi chao cha mvua mwakani.

Kabla wiki haijaisha Samli aliomba uji.

Yeye hajui lolote. Wewe niambie tu: inakwenda? Itawahi Julai? Unajua yanayompata anayemwahidi Chao Pho asitimize. Alichotoa hukichukua tena.

Kaka yako,
Bunlue


Kanchanaburi
27 Januari

Kaka Bunlue,

Jamani, uzee wote huo na bado una kichwa cha panzi! Wenzako wanaahidi mayai ya kuchemsha. Wanaahidi kichwa cha nguruwe na soda nyekundu. Wewe unaahidi kitu ambacho hakijatengenezwa, tena cha watu wengine. Ungebanwa zaidi ungemwahidi mto Mun.

Tulia lakini. Inakwenda. Mzee Atsawin anafika kabla yetu sote, anakaa kwenye kiti chake cha kukunja na kipepeo cha mkono, wigi limepakwa rangi nyeusi tii, masharubu hivyohivyo. Miaka sabini, Kaka, na akisimama bado watu wanaacha kula. Farasi anapandiwa na kijana mwingine, ila kutembea anatembea mwenyewe. Maneno ndiyo hayakai. Mimi nalala kwenye nyasi na karatasi zangu, nanong'ona, yeye anachezesha mdomo. Sauti hairekodiwi hapa, itatiwa baadaye studio Bangkok, kwa hiyo naweza hata kupiga chafya. Juzi nikamnong'oneza, "Nitakufuata mpaka kilele cha mlima!" Akanigeukia akasema, "Polepole basi, dada." Watu wakavunjika mbavu, naye akacheka mpaka sharubu moja likadondoka. Nimeanza kumpenda yule mzee.

Mwongozaji anasema tutamaliza Aprili. Msalimie wifi yangu. Kama anakutukana basi amepona.

Phikun


Nong Takhian
2 Machi

Mdogo wangu,

Ananitukana asubuhi na jioni, raha tupu. Amerudi sokoni na kuku wake wa kuchoma, na jana alimfukuza mteja kwa sababu alimbonyezabonyeza kuku kifuani.

Barua yako imenituliza, lakini mimi ni mtu wa wasiwasi, unanijua. Nilikwenda kwa Chao Pho kujaribu kubadilisha. Nikarusha vile vibao viwili vyekundu, nikauliza: Baba, hutapenda tupunguze, nikuletee Khem wa nne na wa sita jioni moja, na kichwa cha nguruwe juu yake? Vibao vyote vikaanguka kifudifudi. Nikarusha tena, kifudifudi. Mara ya tatu mlinzi wa hekalu akaniambia, "Mzee, acha kumsumbua, amesema hapana." Kwa hiyo ni Khem wa saba au hakuna.

Niambie, Atsawin aliwahi kutaja Surin? Ule mwaka aliokuja mwenyewe kutangaza filamu ya tatu? Ulikuwa umejifungua, hukuwapo. Alipanda jukwaani, uwanja umejaa, akashika maikrofoni akasema "Habari zenu ndugu zangu," kwa kile kisauti chake chembamba, na watu wakaanza kuzomea. "Huyu si Khem! Tumeletewa feki!" Walikuwa hawajamsikia mtu mwingine isipokuwa mimi. Ikabidi nijifiche nyuma ya pazia niseme, yeye achezeshe mdomo. Walishangilia karibu jukwaa lianguke. Aliondoka bila kuniaga, na sikumlaumu. Usimwulize lakini.

Bunlue


Kanchanaburi
25 Machi

Kaka Bunlue,

Nakuandikia harakaharaka. Kazi inakwenda vizuri. Wiki hii tumepumzika kidogo kwa sababu ya mvua. Mzee Atsawin hajambo. Usiwe na wasiwasi wowote, na usirushe tena vibao.

Phikun


Nong Takhian
6 Aprili

Wifi yangu Phikun,

Ni mimi Samli. Bunlue alisoma barua yako akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu. "Mvua gani ya Machi, kiangazi hiki?" akasema. Nikamwambia labda huko Kanchanaburi inanyesha. Akasema labda. Tangu hapo anazunguka nyumba nzima kama kuku anayetaka kutaga.

Usijisumbue kunificha habari ya nadhiri. Naijua tangu zamani. Mtu mwenye sauti kama ya mume wangu hana siri. Alidhani ananong'ona mbele ya Chao Pho, kumbe mpaka wauza samaki wamesikia. Nilipotoka hospitali kila mtu sokoni ananiuliza filamu inakuja lini. Mimi nikajifanya sijui, kwa kuwa alitaka nisijue.

Sasa sikiliza, na usipige kelele. Mwezi uliopita nilimuaga Bunlue kwamba nakwenda Khorat kununua vitambaa. Nilikwenda hospitali kubwa. Ni ini. Daktari anasema si ile homa, ile ilipona kweli. Hii imo ndani tangu zamani, inatokana na samaki wabichi tunaowatwanga na pilipili tangu tuko watoto, mimi na wewe na kila mtu huku. Hakuna cha kukata. Nilimwuliza nimebakiwa na miaka mingapi, akatazama dirishani. Nikamwuliza miezi, akanitazama mimi.

Silii, wifi. Nililia kwenye basi, inatosha. Kinachonikosesha raha ni Bunlue. Nikiondoka kabla ya filamu hiyo kuonyeshwa, atasema yeye ndiye aliyeniua kwa mdomo wake. Hataambilika, si na wewe, si na watawa, si na daktari. Atakwenda kukaa mbele ya lile hekalu mpaka naye aishe. Unamjua.

Kwa hiyo niambie ukweli mimi. Filamu ipo au haipo? Nataka aionyeshe, amalizane na Chao Pho, ndipo nimwambie. Na iwe mapema, kabla macho yangu hayajageuka manjano akaona mwenyewe. Jibu kwa anwani ya duka la Prayong wa mafuta ya taa. Yeye hajui kusoma na hana umbea, au ana kidogo tu.

Samli


Bangkok
14 Aprili

Wifi Samli,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, watoto wa mtaa wakanimwagia ndoo ya maji ya mwaka mpya wetu wa Aprili, nikaona afadhali, hakuna atakayejua kwamba nilikuwa nalia.

Ukweli ni huu. Ilikuwa katikati ya Machi, mtoni, chini ya maporomoko. Mzee alikataa kijana amvukie. "Khem havushwi," akasema. Akaweka mkono kwenye mwamba, akapiga hatua, nikamwona anakwenda chini polepole hivi, kama mtu anayekaa. Nyonga imevunjika. Wakati tuko hospitali, mwenye filamu akahesabu pesa zilizobaki tangu baht ianguke, akawalipa watu wa magari tu, akafunga. Hakuna Khem wa saba, wifi. Kuna makopo ya mikanda yapo kwenye chumba cha kusafishia picha, kama nusu ya filamu, hayana sauti hata moja. Inaishia pale kwenye mwamba.

Nilimdanganya Kaka kwa sababu sikujua niseme nini. Na uongo wenyewe nimeushindwa, nimemletea mvua ya Machi.

Nipe muda kidogo. Nitakwenda kumwona mzee. Kula, tafadhali. Hata uji.

Phikun


Nong Takhian
3 Mei

Phikun,

Nimeambiwa. Dereva wa gari la sinema la Khorat amepita hapa, akanieleza mbele ya watu: filamu imekufa, Atsawin yuko kitandani, tangu Machi. Nikamwambia hapana, dada yangu yumo humo, angeniandikia.

Sina nguvu ya kukutukana. Ulitaka kunipunguzia, najua. Lakini ungeniambia Machi ningekuwa na miezi minne ya kwenda kumwangukia Chao Pho miguuni. Sasa maji yamenifika shingoni.

Na kuna jambo sitaki kuliandika, ila nimwambie nani mwingine? Samli anapungua. Gauni alilovaa kwenye harusi ya mtoto wa Prayong linamning'inia mwilini kama si lake. Namwuliza, anasema ni joto. Nampikia mchuzi wa machipukizi ya mianzi, anaonja, anasema umeweka chumvi nyingi, anasukuma bakuli. Phikun, Chao Pho ameanza kuchukua chake. Kidogo kidogo, kama mtu anayetoa vitu nyumbani wenyewe wakiwa wamelala. Na ni mimi. Mdomo wangu. Nilijiona mjanja kuliko watu wa mayai.

Bunlue


Bangkok
24 Mei

Kaka Bunlue,

Tukana ukipata nguvu, nastahili. Kwanza lakini soma hii mpaka mwisho.

Nimekwenda kwa Mzee Atsawin. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha magurudumu, hana wigi, hana masharubu, kichwa kimebaki vinyweleo vyeupe. Kwa dakika nzima nilimtafuta mwenye nyumba. Nikamweleza kila kitu: Samli, Chao Pho, vibao. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza:

"Huyu ndiye wa Surin?"

Nikasema ndiye.

"Aliniokoa siku ile, nami nikaondoka bila kumwambia hata ahsante. Nilimwonea wivu. Watu walikuwa wanampenda Khem, na Khem alikuwa yeye, mimi nilikuwa koti tu." Kisha akasema, "Na kweli amemwahidi mzimu filamu yangu?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi kuna mmoja aliyekuwa anaisubiri."

Akaomba simu. Alizungumza na mwenye filamu kwa ile sauti yake nyembamba, kwa adabu kabisa, muda mrefu. Sikusikia upande wa pili. Alipoweka simu akaniambia, "Chukua makopo. Wiki moja, kisha urudishe. Na mwambie fundi wako wa sauti kitu kimoja. Mwongozaji alitaka Khem afe kwenye yale maporomoko. Sijapigwa picha hiyo. Asinifie."

Ninakuja nayo, Kaka. Nusu filamu, bubu, haina mwisho. Kama Chao Pho ataihesabu sijui, hilo umwulize wewe. Mzee anasema ndiyo Khem wa saba, hakutakuwa na mwingine, na mwenye haki ya kusema hivyo ni yeye.

Phikun


Nong Takhian
1 Juni

Mdogo wangu,

Nimemwuliza. Nilimwambia yote bila kupunguza: ni nusu, ni bubu, imeishia mtoni, mchezaji ni mzee na amevunjika. Nikamwambia, Baba, tutaitilia sauti hapo hapo mbele yako, mimi na Phikun, kama zamani. Vibao vikaanguka, kimoja chali, kimoja kifudifudi. Amekubali, mara ya kwanza tu! Mlinzi wa hekalu akanipiga bega akasema, "Hata yeye amekuchoka."

Njoo upesi. Samli anasema atakaa mbele kabisa, na amepika. Nimeanza kusukutua maji ya chumvi. Sauti yangu ya Khem sijaitoa miaka kumi na mbili, sijui kama bado imo.

Bunlue


Nong Takhian
29 Juni

Mdogo wangu Phikun,

Natumaini makopo yamefika na hayakubingirika kwenye basi. Mwambie Mzee Atsawin kwamba hakufa. Picha ilipokatika pale mwambani na pazia likabaki jeupe, wewe unajua nilivyoshikwa na butwaa, mpaka uliponipiga kiwiko ukasema kwa sauti ya kike, "Umechelewa, wali umepoa." Basi nikaendelea, nikamfikisha Khem nyumbani. Sasa soko zima linabishana. Muuza samaki anaapa alimwona Khem akivua viatu mlangoni. Nimemwambia pazia lilikuwa tupu, ananiambia nikapimwe macho.

Wewe uliondoka na basi la asubuhi, kwa hiyo yaliyofuata huyajui, ingawa naambiwa ulikuwa unayangoja.

Tulipotoka kukusindikiza Samli alisema tukae kwanza. Tukakaa kwenye lile benchi la nje. Akanieleza Khorat, ini, daktari aliyetazama dirishani, na duka la Prayong. Nilifungua mdomo nipige kelele. Hakikutoka kitu, Khem alikuwa amemaliza sauti yote jana yake. Ilitoka pumzi tu, kama baiskeli inayovuja. Samli akaanza kucheka, nami nikaanza kulia, tukakaa hivyo, watu wanapita wanatusalimu.

Niliwakasirikia nyote wawili siku nzima. Nilikataa hata kula. Jioni nikamwuliza, kwa nini hukuniambia Aprili? Akasema, "Ningekuambia Aprili ungesema ni Chao Pho." Nikataka kubisha, nikashindwa, kwa sababu ndivyo ningesema. Nilishasema tayari, nilikuandikia wewe. Na ningekwenda kupiga magoti pale kila siku nikimwacha peke yake hapa na kuku wake.

Sasa siwezi kusema hivyo, Phikun. Chao Pho amepewa filamu yake, ameipokea, mbele ya mji mzima. Nimetafuta wa kumlaumu, nikaanza na mimi, nikazunguka wote, sikumpata. Ni ugonjwa tu. Watu wanaugua. Inauma kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kuuma, lakini usiku nalala, na nikiamka naamkia upande wake.

Samli ameacha kwenda sokoni. Mchana tunatandika mkeka pale penye upepo, analala, mimi namsomea gazeti kwa hiki kisauti kilichobaki, kinachokwaruza kama bata. Nilimwomba radhi, nikamwambia ikirudi ile sauti nyingine nitamsomea vizuri. Akasema isirudi. Anasema ile ya Khem aliisikia pamoja na watu wote, hii anaisikia peke yake.

Kaka yako,
Bunlue